Kurasa Saba za Kumsifu Orpha

Zamani mtu akifa katika bonde la Pigeon Fork, Orpha Kessinger alikuwa mlangoni na bakuli la maharage kabla maiti haijapoa. Siku hizi hufika binti mwenye leseni, siku ya nne, na fomu inayouliza kama marehemu amebadilisha anwani.

Mke wangu Leona alipofariki, bakuli la Orpha lilikuja na kipande cha utepe wa gundi chini yake, jina limeandikwa kwa wino, ili chombo kirudi kwa mwenyewe msiba ukiisha. Hakunipa pole. Alivua koti, akaosha kila kilichokuwa kwenye sinki, akanikalisha kwa mabavu, akasema, "Kula, mzee. Utalia vizuri ukishiba." Nilikula, nikalia. Wakati huo sikujua kwamba katika dakika kumi zile alikuwa amevunja kanuni nne za taaluma.

Orpha hakuwa malaika. Alipenda habari za watu kuliko chakula, alikasirika upesi, na gari aliliendesha kama anayekimbizwa na nyuki. Alizaliwa kule juu kabisa barabara inapokwisha, baba yake akafa kwa vumbi la makaa kama baba zetu wote, naye akaishia kugawa chakula jikoni mwa shule. Wilaya ilipofungua ofisi ya ustawi wa jamii kwenye chumba cha chini cha shule hiyo, miaka thelathini na mmoja sasa, mkuu wake wa kwanza alipanga foleni ya chakula akamsikia Orpha anavyomuuliza kila mtoto jambo la kwao. Baba karudi? Bibi kapata meno? Lile paa limezibwa? Yule bwana akamwajiri siku hiyohiyo. Hakuuliza cheti. Aliuliza kama ana gari.

Na gari lile lilifanya kazi. Kule juu alikokulia yuko Delmer Toler, mjane aliyekuwa akipoteza macho, ambaye tangu mgodi ufungwe hamfungulii mtu. Orpha alisimama kwenye geti lake kila Alhamisi akapaza sauti.

"Delmer! We mbuzi mzee, umekufa?"

"Bado!"

"Basi fungua, nisipoteze mafuta yangu bure."

"Nenda zako, mwanamke. Sina haja na serikali."

"Serikali gani? Serikali ingekuletea mkate wa mahindi?"

Komeo likasikika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake, na hakuna chuo kilichomfundisha.

Halafu wakubwa katika mji mkuu wa jimbo letu wakagundua kwamba huruma inafanywa ovyo ovyo, na watu wasioandikishwa. Kinyozi ana leseni, mchimba kisima ana leseni, muuza chambo cha samaki ana leseni. Iweje mtu aingie nyumbani kwa mwenzake kumsaidia hivihivi tu? Barua ikashuka bondeni. Baada ya miaka mitano, tarehe thelathini Juni, yeyote asiye na leseni ya ustawi wa jamii hataingia nyumba ya mtu kwa jina la ofisi.

Leseni yenyewe ilitaka shahada ya miaka minne, ya fani hiyo na si nyingine, kutoka chuo kinachotambuliwa. Ilitaka saa mia nne za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi mwenye leseni. Ilitaka mtihani wa maswali mia moja na sabini, alama za vidole vyote kumi, na barua za watu watatu wasio ndugu, zinazoshuhudia tabia ya mwombaji. Na hiyo, ndugu zangu, ilikuwa leseni ya ngazi ya chini kabisa. Za juu yake sijui wanadai nini; labda figo.

"Nina miaka hamsini na miwili," Orpha aliniambia, barua mkononi. "Nikimaliza nitakuwa na hamsini na saba."

"Usiposoma pia utakuwa na hamsini na saba," nikamjibu.

"Asante, mzee Naz. Ndiyo maana hualikwi popote."

Akasoma. Miaka mitano, jioni na Jumamosi, kwenye kompyuta ya maktaba ya wilaya, chini ya profesa aliyeishi mbali sana na hakuwahi kumwona uso. Aliandika insha juu ya umaskini wa mabondeni, profesa akamrudishia na maneno pembeni: mwandishi aonyeshe chanzo cha habari hizi. Orpha akamwandikia kwamba chanzo ni mama yake. Akakatwa alama.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yaliyonichekesha hadi mbavu kuuma, japo hayakuwa ya kuchekesha. Msimamizi mwenye leseni alikuwa mmoja tu wilaya nzima, Brylee Dotson, miaka ishirini na minne, ambaye Orpha ndiye aliyempeleka kung'olewa jino la kwanza. Ofisi ya kufanyia mafunzo nayo ilikuwa moja, ileile ya Orpha. Basi akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa MWANAFUNZI, akakaa kwenye meza aliyoikalia miaka yote, na Brylee akawa anamtazama na kujaza fomu.

"Shangazi Orpha, hapa nimeandika unahitaji kuboresha usikivu," Brylee akasema siku moja, uso umemwiva.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Shangazi! Usinichekeshe, nina kazi."

Alama za vidole zikakataa. Miaka ya magadi na maji ya moto jikoni mwa shule ilikuwa imemlainisha ncha za vidole, mashine ya afisa wa polisi ikasema mtu huyu hana vidole. Akarudi mara tatu. Mara ya tatu afisa, ambaye ni binamu yake, alimwambia, "Dada, ukitaka kuiba benki, wakati ndio huu."

Mtihani wa kwanza akaanguka. Alikuja kwangu na kitabu cha maswali kwa sababu mimi, pamoja na kuishia darasa la nane, nilisoma kila kitabu nilichoweza kushuka nacho mgodini, na watu hudhani hilo linasaidia kitu. Tukakaa jikoni kwake, Jumapili baada ya Jumapili, mimi nauliza, yeye anamenya viazi.

"Mteja amekuletea keki aliyoipika mwenyewe. Ufanye nini kwanza?"

"Nichukue kisu."

"Hapana."

"Sahani?"

"Orpha, jibu ni kwamba umweleze kwa upole mipaka ya uhusiano wa kikazi."

"Mbele ya keki?"

"Mbele ya keki. Haya, mteja amefiwa na mwanawe, analia. Ufanye nini kwanza?"

"Nimshike."

"Hapana. Unatathmini mfumo wake wa msaada."

Akaacha kumenya. "Mfumo wake wa msaada si ndiye mimi niliyekuja?"

Tukahangaika hivyo hadi akagundua siri mwenyewe. Alisoma swali, akajiuliza yeye angefanya nini, akafuta jibu hilo, akachagua katika yaliyobaki lile lililo baridi kuliko yote. Mara ya pili akapita, tena kwa alama zaidi ya zilizotakiwa. Alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho ya kituo cha mtihani. "Nimefaulu, mzee! Nimejibu kama mtu asiye na mama!"

Kikabaki kikwazo kimoja, barua za watu watatu. Profesa akaandika moja, kwamba mwanafunzi aliwasilisha kazi zake kwa tarehe. Brylee akaandika ya pili, kwamba usikivu umeboreka. Ya tatu ilitakiwa itoke kwa mtu anayemfahamu Orpha zaidi ya miaka kumi na asiye ndugu yake wa damu wala wa ndoa. Jaribuni kumpata mtu huyo Pigeon Fork. Mkuu wa posta ni binamu. Mchungaji kaoa kwa kina Kessinger. Mwalimu mkuu ni binamu mara mbili, kwa upande wa baba na kwa jambo ambalo halisemwi. Daktari ni mgeni kweli, lakini ana miezi mitatu tu na bado analilia maji ya moto.

Nikabaki mimi. Babu yangu alitoka Kalabria, kule Italia, kuja kuchimba makaa, na katika bonde hili kina Bertolotti tuliitwa wageni hadi mgodi ulipofungwa na hapakuwa tena na kitu cha kunyang'anyana. Leona wangu naye alitoka ng'ambo ya mlima. Damu ya Kessinger sina hata tone.

"Andika vizuri," Orpha akasema. "Nisiione. Wanataka uifunge na utie sahihi juu ya gundi ya bahasha."

Karatasi ya maelekezo ilisema nieleze tabia ya mwombaji kwa mifano halisi. Mifano! Kama kuna mtu niliyekuwa na mifano yake ni yeye. Nilikaa mezani siku mbili. Niliandika jinsi mwaka wa mafuriko alivyolaza watu kumi na mmoja nyumbani kwake wiki tatu, wawili wakiwa ni mke na mume waliokuwa na amri ya mahakama wasikaribiane, akawatenganisha kwa shuka lililoanikwa kambani na kwa macho yake. Niliandika habari za kichanga ambacho mama yake alikuwa hospitali, Orpha akakilea majira yote ya baridi bila karatasi, kwa sababu karatasi ingekipeleka kwa watu baki. Kwamba aliwahi kuficha funguo za lori la mlevi ndani ya pipa la unga, na sherifu alipouliza, akamwangalia machoni akasema hajaziona. Kwamba alisali na Wabatisti na Wapentekoste, na kwa Leona wangu alishika rozari, akiishika juu chini. Niliandika kwamba hakutoka nyumba ya mtu bila kula, wala hakurudi kwake bila chupa ya maharage mabichi au kipande cha paja la paa, kwa kuwa alijua aibu ya mtu asiyeruhusiwa kutoa chochote. Zilifika kurasa saba. Nilizisoma kwa sauti peke yangu, nikajiona nimetenda haki. Nikafunga bahasha, nikatia sahihi juu ya gundi.

Bodi ya leseni ilikaa kimya hadi Mei. Kisha ikamwita mji mkuu, afike mwenyewe, kuhusu "masuala yaliyojitokeza katika barua ya mshuhudiaji."

Nilimsindikiza. Njia nzima alikisia ni ya profesa.

Wajumbe wa bodi walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Brylee alikuwa ametangulia kama msimamizi, na alikuwa ameshaonyeshwa nakala. Alitukamata nje ya mlango kabla hatujaingia, mweupe kama karatasi.

"Shangazi, ni barua ya mzee Naz. Kila ukurasa una kosa. Wamehesabu makosa kumi na tisa."

Orpha akanigeukia. "Uliandika nini, wewe?"

"Ukweli," nikasema.

"Mungu wangu."

"Sikiliza, Shangazi," Brylee akanong'ona, lakini mnong'ono wa watoto wa siku hizi unasikika hadi barabarani. "Wakikuuliza, sema mzee wa watu akili imechoka. Anachanganya mambo. Hawatafuatilia, wana maombi mia mbili mezani. Utatoka na leseni leo."

Nilisikia vizuri. Na mimi, niliyetumia maisha yangu yote kutaka nionekane nina akili, nilimwomba Mungu niitwe mwehu siku hiyo.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mpole, na hilo ndilo linaloudhi. Aliisoma barua yangu kwa sauti. Kila sentensi niliyoiandika kwa fahari ilitoka kinywani mwake kama hati ya mashtaka. Unga, shuka, kichanga, rozari. Alipofika kwenye paja la paa mjumbe wa kushoto akaandika kitu.

"Bibi Kessinger," akasema alipomaliza, "bwana huyu ana umri wa miaka sabini na minane. Inawezekana amekuza mambo? Inawezekana amekosea?"

Alikuwa amemfungulia mlango wazi. Nikasimama.

"Mimi nasahau sana, mama," nikasema. "Juzi niliweka miwani kwenye jokofu."

"Keti, Naz," Orpha akasema bila kugeuka. Kisha akamtazama mwenyekiti. "Ndiyo, amekosea kitu kimoja. Wale wa mafuriko walikuwa kumi na watatu, si kumi na mmoja. Kawasahau mapacha wa Stumbo."

Mjumbe wa kushoto akarekebisha alichoandika. Bodi ikajadiliana dakika nne. Ombi limekataliwa, anaweza kuomba tena baada ya miaka mitatu, akionyesha cheti cha kozi ya mipaka ya kikazi.

Tukashika njia ya kurudi. Aliendesha polepole, na hilo lilinitisha kuliko mwendo wake wa kila siku.

"Kwa nini hukusema nina wazimu?" nikamuuliza mwishowe.

"Unao."

"Orpha."

"Yule mtoto wa majira ya baridi anaitwa Lacey. Ana miaka kumi na tisa, ananiletea kadi kila Krismasi. Unataka niseme mbele ya watu kwamba hakulala kwangu?" Akabadili gia. "Lakini wewe, mzee. Kurasa saba! Hukuweza kuandika moja?"

Tarehe thelathini Juni akarudisha ufunguo. Brylee akarithi Alhamisi za Delmer Toler. Ni binti mwema, siwezi kumsema vibaya kwa moyo mkunjufu. Hugonga geti, husubiri dakika kumi kama mwongozo unavyosema, huacha kadi yenye jina, simu na namba ya leseni, kisha hurudi mjini kuandika kwamba mteja amekataa huduma. Delmer huzipapasa zile kadi akawashia jiko. Aliniambia ni karatasi nzuri, kavu. Kupaza sauti na kumwita mteja mbuzi hakuruhusiwi, nimeuliza.

Orpha akapata kazi ya keshia katika duka la bei poa kando ya barabara kuu, ambako hawaulizi kama una vidole. Mimi nikawa nanunua vitu vyangu kwingine, maili kumi na mbili mbali, ng'ambo ya mlima. Nilijiambia kahawa yao ni bora. Si bora.

Mwaka ukapita hivyo. Aprili nilikuta lile bakuli lake kabatini, utepe bado chini yake, nikaona nimepata kisingizio. Nilipoingia dukani kaunta zilikuwa mbili. Kwa yule kijana mwingine hapakuwa na mtu, amekaa anachezea simu. Kwa Orpha kulikuwa na watu tisa, mwanamke wa mbele ana pakiti moja tu ya chumvi na anaongea huku akifuta macho, Orpha amemshika mkono juu ya mashine. Nilikwenda kwa yule kijana.

"Naz Bertolotti!" Sauti yake ikavuka duka zima. "Njoo huku. Huko hawakujui."

Foleni ikanicheka, ikanipisha. Nikaweka bakuli mbele yake. Aliligeuza, akasoma jina lake kama ni la mtu mwingine.

"Miaka sita," akasema. "Nilidhani umelila pamoja na maharage. Sasa nisikilize. Wananipa usimamizi wa duka, lakini si hapa, ni kule Harmon Gap. Wanataka barua ya mtu asiye ndugu."

"Orpha, tafuta mwingine."

"Nani? Daktari? Daktari kashahama." Akachana karatasi ya risiti, akanisukumia na kalamu. "Andika hapahapa nikikuona. Nitakwambia cha kuandika. 'Orpha Kessinger anafika kazini kwa wakati.'"

Nikaandika. Mkono ulikuwa unaendelea wenyewe kwenye mstari wa pili, akanishika kifundo.

"Nukta," akasema. "Weka nukta, mzee."

Nikaweka. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akalisukuma bakuli hadi kifuani kwangu. "Kaa nalo. Kule nitakakokwenda hakuna nimjuaye wa kumpelekea." Wiki iliyofuata akahamia Harmon Gap, nami sijamwona tena. Siku ile nilipogeuka pale mlangoni alikuwa ameshanisahau, kainamia kaunta kwa yule mwanamke wa chumvi, anamuuliza ni hospitali gani, na nani anabaki na watoto.